Jumamosi mbili za kuchonga fahali kwa lino hapa Kisumu: pesa yangu ilienda vizuri ama?

Siweki jina la hawa watu wa hilo darasa la kuchonga na kuchapa. Niko na malalamiko kama matatu hivi na sitaki ionekane nimekuja hapa kutia kitumbua cha mtu mchanga, na vile Kisumu ni ndogo, kesho nakutana na ticha Kibuye nikinunua nyanya tuanze kuangaliana vibaya. Wale wamewahi kupanda zile ngazi za chuma juu ya duka la mabati wanajua nasema wapi.

Bei kwanza maana najua ndio mnatafuta. 3,500 kwa Jumamosi mbili, unapewa kipande kimoja cha lino (ile kitu ya sakafuni unachonga picha halafu unachapa nayo) saizi ya A4, karatasi tano nzuri, wino, na patasi za kuazima. Chakula hakimo. Tangazo lilikuwa limeandikwa kitu kama fahali kwenye sanaa ya kuchapa, kutoka Uhispania mpaka Khayega, na mimi kuona tu neno Khayega nikatuma M-Pesa kabla hata sijamaliza kusoma. Kwetu kwa mama ni huko, Kakamega, mahali ng'ombe hupiganishwa. Nimekulia kwa kuamshwa saa kumi na moja alfajiri na ngoma za isukuti, watu wanapita barabarani na matawi mkononi wakisindikiza ng'ombe kama bwana harusi, na khotsa wangu (ndugu ya mama, kwa wale si Waluhya) hadi leo anafuga ndume wa kupigana, anaitwa Kesi Baadaye. Sisi humuita Kesi tu.

Kazi yangu ni kuchapa tisheti. Skrini, wino, skwiji, tisheti za mazishi, za harambee, za timu za mtaa, za wanasiasa wakati wake ukifika. Kwa hivyo niliingia darasani nikijiona mjuaji kidogo, na hiyo ndio ilikuja kunimaliza, nitafika hapo.

Jumamosi ya kwanza waliandika saa tatu asubuhi. Tulianza saa nne na dakika ishirini. Hilo ni lalamiko namba moja na wala si kubwa, chai ilikuwepo. Tulikuwa watu tisa, kati yetu kuna mzee mwalimu mstaafu wa kutoka upande wa Ikolomani, huko huko Kakamega, mwenye alikuja na koti na daftari kama anaenda kusahihisha mitihani. Ticha mwenyewe ni kijana mpole sana, anaongea polepole, anajua kitu anasema. Alikuwa amebandika ukutani picha kama arubaini hivi, na saa mbili zote za kwanza hatukushika patasi, tulikuwa tunaangalia tu. Nilikasirika mwanzoni. Nimelipa kuchonga, si kuangalia ukuta. Lakini nikisema ukweli hiyo ndio sehemu bado naifikiria hata nikiwa kazini.

Alianza na Goya, yule mchoraji Mhispania. Mwaka 1816 alitoa seti ya picha 33 za vita vya fahali, inaitwa La Tauromaquia. Si lino, ni sahani za shaba: unapaka nta, unachora kwa sindano, unaweka asidi, asidi inakula pale nta imetoka, halafu unajaza wino kwenye hizo mifereji na kukandamiza karatasi kwa mashine. Zile sehemu za kivuli alitumia akwatinti, yaani unga wa ulimbo unamwagwa juu ya sahani unapashwa moto, asidi ikipita katikati ya punje inaacha rangi ya kijivu kama vumbi. Iko moja ya jamaa anaitwa Juanito Apiñani, ameruka na mti mrefu juu ya fahali, mnyama anapita chini, mtu amening'inia hewani kama nguo kwa kamba. Watazamaji nyuma hata hawana nyuso, ni mikwaruzo tu. Na kuna namba 21, hiyo ilinyamazisha chumba. Fahali ameruka ukuta akaingia kwa viti vya watu, amesimama hapo ametulia kabisa, na juu ya pembe zake kuna mwili wa meya wa Torrejón. Watu wote wamejazana upande wa kulia wa picha wakikimbia na kuangukiana, upande wa kushoto hakuna kitu, viti vitupu. Nusu ya karatasi iko wazi na ndio inatisha zaidi. Mzee wa Ikolomani akasema taratibu, huko kwetu hakuna viti, jukwaa lako ni miguu yako. Tukacheka lakini ni ukweli, mtu yeyote amewahi kuenda anajua ng'ombe akishindwa hukimbilia wapi. Hukimbilia kwako.

Hapo mjadala ukawaka. Dada mmoja akauliza hii ni vita ama ni machinjo, kwa sababu huko Uhispania mwisho wake fahali anadungwa upanga afe, na enzi za Goya hata farasi wa wale wapanda farasi hawakuwa na kinga yoyote, mablanketi mazito ya kuwakinga yalikuja kuwa lazima 1928. Kwetu ni ndume kwa ndume. Mwenye ametoroka ameshindwa, basi, anarudi nyumbani na aibu yake. Mzee akataka kufanya ionekane kama sisi ni malaika, mimi nikamwambia mwalimu tusidanganyane, pembe hunolewa, na kuna asubuhi nimeona ng'ombe akirudi nyumbani akivuja. Akaandika kitu kwa daftari, sijui ni nini.

Lakini kuna kitu niliona hapo ukutani hakuna mtu alikuwa ametaja, nikaogopa kusema juu sikutaka kuonekana najua sana, sasa nakisema hapa. Kwa picha za Goya watu ndio wana majina. Apiñani. Pepe Illo, mpigana na fahali mwenye aliandika kitabu cha sheria za hiyo kazi mwaka 1796, halafu fahali akamuua uwanjani Madrid mwaka 1801, na Goya akafunga seti yake na hicho kifo, namba 33. Fahali mwenyewe aliyemuua? Kwa maelezo ya picha hana jina. Ni fahali tu. Sasa nenda Khayega ama Shinyalu uulize nani alipigana Jumamosi, hakuna mtu atakutajia mwenye ng'ombe kwanza. Watakutajia ng'ombe, na baba yake ng'ombe, na mwaka ule alitoroka kwa uwanja wa Malinya.

Lalamiko namba mbili: zile picha za ukutani. Ni za kuprintiwa saiba, karatasi ya kawaida, zingine wino ulikuwa unaisha ukaacha mistari. Sasa unaniambia uzuri wa akwatinti ni punje, na hiyo punje sioni, naona tu kijivu kilichomwagika. Mtu akilipisha 3,500 kwa watu tisa anaweza kuprinti hata tano tu kwa karatasi nzuri na saizi kubwa. Mimi mwenyewe ningewaprintia. Niliwaambia, wakaandika namba yangu, hawajapiga.

Afadhali zile nne za mwisho za Goya, za 1825, maana hizo zilichorwa kwa jiwe, lithografia, na chaki yake nzito inaonekana hata kwa printi mbaya. Alikuwa na miaka 79, kiziwi, macho yanaenda, amehamia Bordeaux huko Ufaransa. Moja inaonyesha watu wa kawaida wamejaa ndani ya uwanja pamoja na ng'ombe, hakuna mpango, huyu anachokoza, yule ameanguka, wengine wanacheka. Nilisimama hapo nikasema hii sasa ni Khayega. Watu wako ndani ya hiyo kitu, si watazamaji. Mzee naye akaja akasimama kando yangu akasema "mm."

Picasso, mchoraji mwingine Mhispania, tulimpitia haraka lakini kuna kitu mbili sitasahau. Ya kwanza ni sukari. Mwaka 1957 alichora sahani 26 za hicho kitabu cha Pepe Illo, zikatolewa Barcelona 1959, na njia aliyotumia ni hii: unachanganya sukari na wino, unachora na brashi juu ya shaba, unapaka vanishi juu ya yote, halafu unatumbukiza kwa maji, ile sukari inafura inainua vanishi, inaacha mchoro wako wazi, asidi inafanya yake. Ndio maana wale fahali na watu wake wanaonekana kama madoa ya wino, doa moja ni mtu, doa lingine ni kivuli chake. Sasa fikiria unaambia watu wa huku hiyo. Watu wamezaliwa katikati ya miwa, Mumias, Muhoroni, Chemelil, tumepigania sukari tangu zamani na hakuna mtu aliwahi kutuambia unaweza kuchorea fahali nayo. Kuna kijana wa Awasi alicheka hadi akatoka nje.

Ya pili ni wale fahali kumi na mmoja. Kati ya Desemba 1945 na Januari 1946, kwa karakana ya Mourlot huko Paris, Picasso alichora fahali mmoja kwa jiwe, wakachapa, akarudi kwa jiwe hilo hilo akambadilisha, wakachapa tena, hivyo hivyo mpaka hatua 11. Wa kwanza kwanza ni mzito, ana manyoya, ukimuona unasikia harufu ya zizi. Wa mwisho ni mistari michache tu, kichwa kidogo kama kokoto, pembe kama uma. Na bado ni fahali. Ticha akatupatia zoezi: chora ng'ombe unayemjua, halafu ondoa, ondoa, mpaka ukiondoa kitu kimoja zaidi atapotea. Hapo ndio aliona kama nimeelewa. Mimi nilimchora Kesi, nikaondoa nundu, nikaondoa miguu, nikaondoa karibu kila kitu, lakini pembe ya kushoto ilikataa kutoka. Kesi alivunjika ncha ya hiyo pembe akiwa mdogo, ikakua imeinama mbele inaangalia chini kama mtu anatafuta shilingi imeanguka, ya kulia imesimama wima. Ukiondoa hiyo, ni ng'ombe wa mtu mwingine.

Chakula cha mchana kila mtu ajitegemee, chini kuna mama anapika omena na ugali 150, kuzuri, muende mapema.

Mchana ndio tukaanza kuchonga. Lino kwa wale hawajui ni ile kitu ya kutandika sakafuni kitambo, mafuta ya kitani yaliyoganda yakichanganywa na unga wa koki na wa mbao, nyuma kuna kitambaa cha juti, Mwingereza anaitwa Frederick Walton ndiye aliileta miaka ya 1860. Ikiwa baridi ni ngumu kama soli. Ikipata joto inakatika kama siagi, wenzetu wa nchi baridi huweka kwa pasi, sisi tuliweka dirishani dakika kumi, jua la Kisumu likamaliza hiyo kazi bure. Unachonga kila kitu unataka kibaki cheupe, kinachobaki juu ndicho kinashika wino. Raha yake sijui niwaelezeje. Ile patasi ikiteleza vizuri na uzi wa lino ukijikunja mbele yake, unasahau deni.

Na hapo lalamiko namba tatu, hili ni kubwa. Patasi zilikuwa butu. Kila fundi anajua butu ndio hukata mtu, kwa sababu unasukuma na nguvu halafu inaruka. Ilinirukia kidole gumba cha kushoto, damu ikaingia kwa nundu ya Kesi, na hakukuwa na plasta kwa chumba chote, nilifungwa na kitambaa cha kupangusia wino. Watu wa hapo kama mnasoma, jiwe la kunolea ni bei gani jamani. Na ile plasta.

Ticha alituonyesha pia njia ya kipande kimoja rangi nyingi, yaani unachonga kidogo unachapa rangi ya kwanza, unachonga tena kipande hicho hicho unachapa ya pili juu yake, hadi kipande chenyewe kinaisha. Picasso aliishikilia sana hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa kusini mwa Ufaransa, na fahali wake wengi wa lino ni wa wakati huo. Ukikosea hakuna kurudi, ya kwanza umeshaiharibu. Wawili walijaribu. Mmoja alikata mguu wa ng'ombe wake kabisa, akasema basi huyu alikuwa amekaa.

Jumamosi ya pili ni kuchapa. Mashine hawana. Unapaka wino na rola, unaweka karatasi, unasugua na mgongo wa mwiko. Mwiko wa ugali, ndio. Inafanya kazi vizuri kuliko vile unafikiria, ila mkono unachoka. Ninainua karatasi yangu ya kwanza, nyeusi imekaa safi, moyo unapiga, na ninaona kuna kitu hakiko sawa na sijui ni nini. Macho, sawa. Nundu, sawa. Halafu nikaona. Pembe mbaya iko upande mwingine.

Kwa lino picha inatoka kinyume, kama kwa kioo. Kila mtu wa kuchapa anajua hiyo, na mimi ni mtu wa kuchapa! Lakini kwa skrini haigeuki, wino unapita katikati ya kitambaa unatua vile vile ulivyochora, miaka yote hiyo mkono wangu umezoea hivyo, na ticha hakutukumbusha hata mara moja tukichora. Alisema siku ya pili, wakati tumeshachonga. Akajitetea ati kwa fahali haina shida, ingekuwa maandishi ndio shida. Nikamwambia kaka, kwa wa Uhispania labda haina shida, huyo hana jina.

Nilichapa zote tano hivyo hivyo, nikaandika kwa penseli chini 1/5 mpaka 5/5 kama tulivyofunzwa, na wino wa mafuta na hii hewa ya ziwani ulikaa siku tano haujakauka. Mimi kwa haraka zangu nikabeba moja siku ya nne kwenda Khayega, kwa matatu, karibu na Chavakali makanga akaegemea bahasha yangu na shati lake likapata nundu. Nililipa sabuni.

Khotsa alikuwa kwa zizi. Akafuta mikono, akaishika kwa ncha, akaiangalia kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuongea ovyo kuhusu Goya.

"Mwiwa (yaani mpwa), huyu ni nani?"

"Ni Kesi, khotsa."

"Huyu si Kesi." Hakuwa amekasirika, alisema tu kama mtu anakuambia umekosea nyumba. "Kesi pembe mbaya ni ya mkono huu. Huyu ni wa mtu mwingine, lakini ni mzuri."

Nikamweleza habari ya kinyume, akatikisa kichwa, halafu akatembea mpaka kwa pikipiki ya binamu yangu, akaishikilia ile karatasi mbele ya kioo cha pembeni, akainama. Akasonga kidogo. Akaita watoto. "Hapo. Huyo sasa ndiye. Kwani ulimchora ukiwa nyuma ya karatasi?" Halafu akaona ile 3/5 chini akauliza ni namba gani ya kesi, nikamweleza, akashtuka kabisa: "Kwa hivyo kuna Kesi wengine wanne wanatembea Kisumu?"

Sasa kama unauliza uende ama usiende, mimi nasema enda. Nyota nne kwa tano, ile moja nimeitoa kwa sababu ya patasi na kidole changu, hizo zingine nimesamehe. Beba kisu chako kama uko nacho, beba plasta, vaa nguo ya zamani, na mchoro wako ugeuze kwanza, uweke karatasi dirishani uifuate kwa nyuma. Ukienda kwa sababu ya kuangalia ukuta tu na kubishana na wazee pia unapata pesa yako. Mzee wa Ikolomani alichonga ng'ombe wawili wakiwa wamegonganisha vichwa, hakuna mtu, hakuna uwanja, paji kwa paji tu, na kwa kazi zote za hiyo siku yake ndiyo ningenunua. Nilimuuliza bei akasema si ya kuuza, ni ya kaburi la baba yake.

Mimi nilirudi nikanunua kipande kingine cha lino kwao, 600, na safari hii nimemgeuza Kesi vizuri kwa penseli, pembe iko mahali pake. Lakini khotsa amenipigia simu akaniambia nisichonge bado. Desemba Kesi ana mpinzani mzito, na hataki picha ya ng'ombe mwenye ametoroka ikae kwa ukuta wake. Kwa hivyo lino iko chini ya godoro, isijikunje, tunangoja.